Kyubu Zilipita

Mume wangu ana vidole visivyosikia moto. Saruji imevitafuna miaka mingi, ikaviacha vigumu na vyeupe pembeni, na akitaka kujua kama maji ya kuoga yamechemka huchovya kiwiko. Siku moja nilimkuta jikoni ameinua sufuria kwa mikono mitupu, amesimama nayo, eti ananiuliza aiweke wapi. Nikapiga kelele, "Wewe! Utaungua!" Akaitazama sufuria, akaitazama mikono yake, akasema, "Kumbe ya moto." Akaiweka chini taratibu, akaenda zake kukaa.

Mimi ni mtu wa kelele, kila anayenijua atakwambia. Nashona nguo, na cherehani ikinguruma inabidi niishinde ili nisikike, ndiyo nikazoea kupaza sauti. Yeye ni mtu wa kimya. Majirani husema maneno ya nyumba yetu yalipogawanywa nilichukua yote, nikamwachia yeye "ndiyo" na "sawa". Wacha waseme. Leo nayatumia kusimulia habari zake, maana mwenyewe hatasimulia hata umpige.

Watu wanamwita Fundi Kyubu. Asiyejua mambo ya ujenzi nitamweleza, kwa sababu hata mimi nilieleweshwa baada ya kuolewa. Zege likishamwagwa kwenye nguzo au kwenye slebu, yaani ile sakafu ya ghorofa, huwezi kujua kwa macho kama lina nguvu. Kwa hiyo sheria inataka uchote kidogo kutoka kwenye zege lilelile, ujaze kwenye kalibu ya chuma yenye upana wa shibiri kasoro, uliache likauke, ulilaze ndani ya maji, kisha ulipeleke maabara ya serikali likabanwe na mashine mpaka lipasuke. Hicho kipande cha pembe nne ndicho kyubu. Kikipasuka mapema, nguzo inabomolewa. Kikikaza, nguzo imepita. Mume wangu alikuwa akitengeneza vipande hivyo, na alivitengeneza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Kingo zake zilikuwa zimenyooka, uso wake laini, ukipitisha kiganja unadhani ni sabuni.

Basi ikaja kampuni kutoka ng'ambo, mbali huko, kujenga hospitali ya serikali. Hospitali yenye wodi ya wazazi ya ghorofa, na bustani mbele, na mahali pa magari. Tenda ilitangazwa gazetini, makampuni yakaleta karatasi zao, zikafunguliwa mbele ya watu na makofi yakapigwa. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alitusimulia huku anacheka mpaka anajifuta machozi. "Shemeji, ile tenda ilikuwa na mshindi kabla haijatangazwa! Wakala alishazunguka ofisi zote. Siku ya kufungua karatasi ilikuwa ya kupiga picha tu."

Wakala alikuwa mtu wa hapahapa, amevaa vizuri, anajua mlango upi unagongwa na upi unasukumwa tu. Kampuni ilimleta yeye mbele ili mikono yake yenyewe ibaki safi. Wakubwa wa wizarani walikula, wa chini yao walikula, mkaguzi wa serikali alikula, na Wakala mwenyewe hakubaki na njaa. Sasa, hela iliyoliwa juu lazima irudi kutoka mahali, na ilirudi kutoka kwenye saruji. Mifuko iliingia kwa lango la mbele ikapokewa kwa sahihi, na mingi ikatoka kwa lango la nyuma ikauzwe. Kwenye mashine ya kuchanganyia wakabaki na mchanga, kokoto, maji mengi, na saruji ya kunusia.

Aliyesimamia mashine hiyo ni shemeji. Alikuwa nyapara wa zege, na hakuwa malaika, msije mkadhani nampamba. Aliambiwa weka mifuko kadhaa, akaweka. Mara moja alikwenda kulalamika kwa bosi wa kigeni, yule tuliyemwita Bwana Kesho, kwa sababu katika lugha yetu alijua neno hilo moja. Ukidai mshahara, kesho. Ukidai viatu vya kazi, kesho. Shemeji akamwonyesha zege linalotiririka, akamwambia, bosi, hii ni uji. Bwana Kesho akampiga bega, akatabasamu, akasema, "Kesho." Shemeji akarudi kwenye mashine yake.

Lakini sheria ya kyubu ilikuwa palepale, na mashine ya maabara haipokei bahasha. Ndipo wakamfuata mume wangu. Walimpa kona nyuma ya stoo, wakaizungushia turubai, wakamwekea mchanga uliooshwa, kokoto safi na saruji isiyopungua hata kijiko. Siku ya kumwaga zege, shemeji akimwaga uji wake kule juu, mume wangu alikuwa nyuma ya turubai anachanganya zege lake mwenyewe kwa koleo, taratibu, anajaza kalibu, anashindilia kwa fimbo ya chuma, anasawazisha. Vibarua walipaita pale jikoni. "Fundi anapika ya wageni," walikuwa wakisema. Mkaguzi alikuja na gari la serikali, akasimama ameipa turubai mgongo, akasoma simu yake mpaka kalibu zikajaa. Kisha aligeuka na kuuliza kwa sauti kubwa, "Hizi ni za wapi?" Mume wangu akajibu, "Za slebu, wodi ya wazazi." Akachukua msumari akaandika hivyohivyo juu ya kyubu ikiwa bado mbichi. Zikaenda maabara, zikabanwa, zikapita.

Mwisho wa mwezi mume wangu alikuja na bahasha. Nikamuuliza, "Hii nayo ya nini?"

"Ya maji."

"Maji gani?"

"Kyubu zinakaa kwenye maji. Kuna anayezibadilishia maji. Ndiyo mimi."

"Na lile zege lenyewe la kule juu, nani analiangalia?"

Akavua viatu, akaviweka sawasawa ukutani. "Mimi natengeneza kyubu," akasema.

Mwanzoni ilimsumbua, namjua. Alikuwa anarudi, anatazama chakula, anasukuma sahani kwangu. Alijigeuza kitandani. Mara moja aliniambia, "Leo tumemwaga nguzo za mapokezi," nami nikangoja aendelee, yeye akaenda kulala. Baadaye akaanza kula. Baadaye zaidi akawa anamaliza na kuomba kingine. Nilifurahi, nikasema mume wangu amepona, kumbe ndiyo ugonjwa wenyewe ulikuwa umekaa.

Hizo kyubu hutengenezwa za ziada, kwa ajili ya nyingine ikivunjika njiani au mkubwa akitaka kurudia kipimo. Hakuna aliyetaka kurudia. Zikawa zinalundikana nyuma ya stoo, na Bwana Kesho akaamuru zitupwe. Mume wangu alishindwa kuzitupa. Akaanza kuja nazo nyumbani kwenye baiskeli, chache kila jioni, baiskeli inalia kama inachinjwa. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akasema, "Nitamjengea mama chumba."

Akakijenga kweli. Mama yao alikuwa ameanza kupata ukungu wa macho na miguu inavimba, hawezi tena kukaa peke yake, na sisi nafasi hatukuwa nayo. Mume wangu akapanga kyubu moja juu ya nyingine, akaziunga kwa saruji, kuta, ngazi, hata kibaraza. Majirani wakaangua kicheko, "Jamani, mnajenga kwa sabuni? Mvua ikija si itatoa povu?" Mvua ikaja. Nyumba zao zikamwaga udongo, chumba cha mama hakikutoa hata vumbi. Hakukipiga plasta, kwa hiyo yale maandishi ya msumari yakabaki yanaonekana ndani: NGUZO MAPOKEZI. NGAZI KUU. SLEBU W. WAZAZI. Hiyo ya mwisho ilikuwa kichwani pa kitanda cha mama.

Mama alikipenda chumba kile mpaka ikawa kero. Mgeni akija haulizwi habari, anaambiwa, "Hebu piga teke ukuta huo." Mtu wa watu anapiga, anaumia kidole, mama anacheka. "Mwanangu mkubwa ana mkono," anasema. "Huyu mdogo ana mdomo tu." Na shemeji, ambaye alikuwa hajaoa na analala sebuleni kwetu, anajibu kutoka huko, "Mama, mdomo ndio unaokuletea habari, huo mkono haukuambii kitu!" Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, na tulikuwa tunacheka, nisiseme uongo.

Hospitali ikakaribia kufunguliwa. Nilipata kazi ya kushona sare za wanawake wa usafi. Mmoja wao tulimwita Mama Mrefu, kwa sababu kumpima mabega ilibidi nipande kigoda, na yeye ananicheka, ananiambia, "Fundi, shuka nikae mimi." Gauni lake lilibaki pindo tu. Asubuhi moja walipelekwa kusugua sakafu za wodi ya wazazi kwa ajili ya wageni wa ufunguzi, na slebu ikashuka. Wenzake walikuwa wamekwenda kuchota maji. Yeye alikuwa chini yake.

Ndugu zake walikuja kuchukua gauni, walitaka kumzika nalo. Nikawaambia kaeni kidogo. Nikakaa kwenye cherehani nikamaliza pindo, nikakata uzi, nikalipiga pasi, nikalikunja. Sikulia. Nilijishangaa mwenyewe, mimi ninayelia hata harusini, macho makavu kabisa, namwambia ndugu wa marehemu aangalie vifungo kama vimekaa sawa. Mume wangu alikuwa amekaa kibarazani na aliwaona wakitoka nalo. Akawaambia poleni. Kisha akaingia akauliza kama kuna chai.

Bwana Kesho alikwenda kwao mapumziko siku ileile na hakurudi. Serikali ikaunda tume. Tume ikauliza: zege lilikuwa bovu au zuri? Mkaguzi akatoa majibu ya maabara, yote ya kyubu, yote yamepita, hakuna hata moja iliyoyumba. Kwa hiyo, wakasema, mchanganyiko uliotolewa na kampuni ulikuwa mzuri, na kama slebu imeanguka basi kuna mtu kwenye mashine aliyeiba saruji akazidisha maji. Na aliyekuwa kwenye mashine alikuwa nani? Walimkuta shemeji anapiga mswaki uani. Akaomba asukutue kwanza, wakamruhusu.

Nilikwenda kumwona rumande. Alikuwa amekonda shingo, lakini mdomo bado upo. "Shemeji, humu zege lao zuri sana," akaniambia, "nimepiga teke." Kisha akashika nondo za dirisha akasogeza uso. "Vibarua wote wametawanyika, na waliopatikana wanasema hawakuona kitu. Mimi nikisema, naambiwa mshtakiwa anajitetea. Kaka ameitwa kuwa shahidi wao. Mwambie simtaki anitetee kwa maneno mengi, najua hana. Aseme moja tu. Aseme kyubu hazikutoka kwenye mashine yangu. Basi. Wengine watamalizia wenyewe."

"Atasema," nikamwambia.

"Najua. Ni kaka yangu."

Nilimfikishia mume wangu vilevile, neno kwa neno. Akasema, "Sawa." Nikamwambia sawa gani, sawa ya kusikia au sawa ya kukubali? Akasema sawa.

Baada ya siku chache akaja Wakala. Alikaa kwenye ngazi zetu za kyubu, akazipapasa, akasema, "Ngazi nzuri hizi," kwa uso mkavu kabisa. Nilimletea maji kwa sababu ni mgeni, na nikabaki nimesimama pale makusudi. Hakunijali. Alimwambia mume wangu kwamba kila mtu anasikitika, kwamba kijana atakaa ndani muda kidogo kisha itaonekana namna. Akasema hospitali itajengwa upya na kampuni itarudi kwa jina jingine, na kona ya nyuma ya stoo itahitaji mtu yuleyule. Kisha akatua glasi chini.

"Ukisema kyubu zilipikwa, aliyezipika ni wewe. Mtaingia wote wawili. Mama yenu atalishwa na nani?"

"Na mimi!" nikasema. "Mimi nina mikono!"

Akanitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona. "Shikamoo mama," akasema, akainuka, akaenda kwenye gari lake. Mume wangu akachukua ile glasi, akaenda kuiosha.

Nilikwenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka. Nilipanga foleni asubuhi nzima. Akaniuliza, ulikuwepo zege likichotwa? Sikuwepo. Uliona kwa macho yako? Niliambiwa na mume wangu. Akasema basi mwache mume wako aje aseme, si anakuja? Nikarudi nyumbani.

Siku moja kabla ya ushahidi, mchana, mama aliniita. Nilimkuta amekaa kitandani ameupa mlango mgongo, kidole chake kiko ukutani, kinatembea ndani ya yale maandishi ya msumari. Macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa, lakini shule alisoma.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa pameandikwa slebu, sivyo? Na hapa W. Halafu wazazi."

"Ndiyo, mama."

"Ni wodi ile ya wazazi? Iliyomwangukia yule mama?"

Ningeweza kusema sijui. "Ndiyo, mama, ni hiyo."

Kidole kikarudi mwanzo, kikasoma tena mpaka mwisho. Kisha akaupiga ukuta kwa kiganja, mara moja, kama anavyowaagiza wageni wakija.

"Mbona hii haikuanguka?"

Nikakaa chini nikamweleza yote. Turubai, jikoni, mgongo wa mkaguzi, bahasha ya maji, uji wa shemeji. Nilitegemea atapiga ukelele, mimi ningepiga. Alisikiliza mikono iko mapajani. Mume wangu aliporudi akamwita, akamwambia akae, na akamtafuta kwa mkono mpaka akampata goti.

"Kesho waambie hao wakubwa waje hapa kwangu. Waje na nyundo. Wautoe ukuta wangu wote, wauweke na slebu yao iliyoanguka, waone jina ni moja na zege si moja. Chumba si kitu. Mdogo wako atoke."

"Sawa, mama."

"Utasema?"

"Sawa, mama."

Nami nilimwamini. Alikuwa ameshikwa goti na mama yake, ningewezaje kutomwamini?

Mahakamani alivaa shati jeupe nililompigia pasi. Shemeji alikuwa kizimbani, alipomwona kaka yake akasimama vizuri kidogo. Mwendesha mashtaka akauliza habari za kazi, ameifanya muda gani, kyubu hutengenezwaje. Alijibu vizuri, kwa sauti ya chini. Ikaulizwa majibu yalikuwaje.

"Zilipita."

Hapo hakimu akainua uso. "Shahidi, mshtakiwa amedai hapa kwamba vipande hivyo havikutokana na zege lake. Zege ulilitoa wapi?"

"Zilipita, mheshimiwa."

"Sikuulizi kama zilipita. Nakuuliza zege ulichota wapi."

Mume wangu akatazama vidole vyake. Niliona anavisugua, gumba juu ya vingine, kama anatafuta mahali ambapo bado panasikia. Nilikuwa nimeshika benchi la mbele yangu. Sema, nilikuwa nasema moyoni, sema baba, moja tu.

"Kwenye mashine ya nyapara," akasema.

Mimi mtu wa kelele, sauti haikutoka. Nilifungua mdomo na hapakuwa na kitu ndani. Shemeji hakupiga kelele wala hakutukana. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa, akakaa. Mume wangu alikuwa shahidi wa mwisho; baada ya mapumziko ya mchana hakimu akasoma hukumu. Shemeji alipewa miaka mingi kuliko aliyowahi kufanya kazi, na askari wakamtoa kwa mlango wa pembeni. Hakugeuka kututazama.

Tulirudi kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma. Njiani nikasikia hatua zake zimekoma, nikageuka. Alikuwa dukani, ananunua mkate.

Tulipoingia uani tukamkuta mama amekaa kwenye kiti katikati ya vitu vyake. Alikuwa ameomba majirani wamsaidie, wamemtolea kila kitu: kitanda, godoro, sanduku, beseni, viatu vyake vya kutokea vimewekwa juu ya sanduku visichafuke. Chumba kilikuwa kitupu, mlango uko wazi, na sakafu ameifagia. Alisikia miguu yetu akainua uso.

"Wavunjaji wako nyuma yenu?"

Akanyoosha mkono kuonyesha vitu vyake.

"Nimetoa vyote. Wasije wakapata shida."

Mume wangu aliuweka mkate juu ya sanduku, karibu na viatu. Akainama, akashika godoro.

"Umesema?" mama akamuuliza.

"Kyubu zilipita, mama."

"Sikukuuliza kyubu. Nimekuuliza mdogo wako yuko wapi."

Akalibeba godoro begani, akaingia nalo ndani. Akarudi kuchukua kitanda. Alikipitisha mlangoni kwa uangalifu, kisigonge pembe.

Nyundo kubwa ya kuvunjia mawe ilikuwa pale anapoiwekaga, nyuma ya pipa la maji. Sikufikiri. Niliichukua, nikazunguka nje mpaka usawa wa kichwa cha kitanda, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Nyundo ilirudi ikanikosa goti. Nikaangalia ukuta, nikaona alama nyeupe, ndogo, kama ya chaki.

"Imevunjika?" mama akauliza.

"Bado, mama."

"Piga."

Nikapiga. Nikapiga tena, palepale, kwa hasira zote nilizokosa kuzipigia kelele kule mahakamani, mpaka majirani wakasimama kwenye uzio wao bila kucheka. Mume wangu anaijua kazi yake. Ganzi ilianza vidoleni, ikapanda viganja, ikafika kwenye viwiko, mwisho nikawa siwezi kujua kama bado nimeshika nyundo mpaka niitazame.

"Imevunjika?"

"Bado, mama."

Ndani, upande wa pili wa ukuta, nilimsikia anatandika kitanda.